Mjaribu programu: kuitafuta hitilafu, kuiandika na kuifuata hadi ifungwe

Ripoti yangu ya kwanza ya hitilafu ilikuwa na maneno matatu: "Malipo hayafanyi kazi." Niliituma nikiwa Kondele, hapa Kisumu, kwa msanidi, yaani mwandishi wa programu, aliyekuwa Nakuru, nikarudisha simu mkobani nikijua kazi yangu imekwisha. Dakika kumi hazikupita, jibu likaja: "Dada, kwangu inafanya kazi." Tukavutana siku tatu. Yeye hakuwa mwongo, mimi pia sikuwa mwongo. Simu yake ilikuwa kwenye Wi-Fi ya ofisi. Yangu ilikuwa ndani ya matatu, data inakuja na kupotea. Tofauti hiyo hakuna aliyeiandika popote, na msanidi hawezi kutengeneza kitu ambacho hajaweza kukiona kwa macho yake.

Programu yenyewe ni ya vyama vya akiba. Mwanachama anatuma mchango wa wiki kwa M-Pesa, mweka hazina anaona orodha, kila mtu anapata SMS ya uthibitisho. Nitaitumia kama mfano mwanzo hadi mwisho, maana aliyekulia Kenya anajua chama kinavyoendeshwa, na anajua kelele inayozuka shilingi 50 ikikosekana kwenye daftari.

Hatua ya 1: Jua programu imeahidi nini

Hitilafu ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea. Kama hujui kilichotarajiwa, una malalamiko tu. Soma hati za mradi zikiwepo. Zisipokuwepo, na mara nyingi hazipo, keti na mtu atakayeitumia programu. Mimi nilikaa nusu siku na mama mmoja mweka hazina anayeuza omena soko la Kibuye, nikamwomba anionyeshe daftari lake la mkono. Nilijifunza mengi kuliko kwenye mikutano yote ya mradi, kwa mfano kwamba mtu anaweza kumlipia jirani yake, na kwamba aliyevusha mchango hadi tarehe 1 ya mwezi mpya anatozwa faini.

Andika ahadi hizo kwa sentensi zinazoweza kupingwa. "Programu iwe rahisi" haipingiki. "Mwanachama akilipa mara moja, salio lake linaongezeka mara moja" inapingika, na ndiyo sentensi utakayokwenda kuivunja.

Hatua ya 2: Andaa vifaa

Huhitaji maabara. Unahitaji angalau simu mbili za Android: moja mpya kiasi, na moja ya bei nafuu, ya zamani, yenye nafasi finyu na skrini iliyopasuka kidogo, kwa sababu ndiyo simu ya wateja wako wengi. Ongeza kompyuta yenye Chrome kama mfumo una upande wa tovuti. Ukiweza, kuwa na laini za mitandao miwili.

Tengeneza akaunti za majaribio na uziandike mahali: mwanachama wa kawaida, mweka hazina, mwenyekiti, mtu aliyeondolewa kwenye chama. Usijaribu kwa akaunti wala pesa za watu. Safaricom ina mazingira ya majaribio ya malipo kwa wasanidi, ndani ya jukwaa lake liitwalo Daraja. Mwombe msanidi wako aunganishe humo toleo la majaribio.

Kabla hujabofya chochote, andika namba ya toleo. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima nikiripoti mambo yaliyotengenezwa wiki iliyotangulia, kumbe sikuwa nimesasisha programu.

Hatua ya 3: Winda

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Wanaoanza hubofya ovyo wakitumaini kitu kitavunjika. Kitavunjika, ndiyo, lakini hutajua ulikivunjaje. Chukua swali moja, jipe dakika 45, andika unachofanya huku ukikifanya. Maeneo yafuatayo yamenilipa zaidi.

Anza na mipaka. Kama mchango wa chini kabisa ni shilingi 50, jaribu 49, 50 na 51. Hitilafu hukaa ukingoni, kwa sababu msanidi akiandika "zaidi ya 50" badala ya "50 na zaidi", kiasi cha 200 hakitamfichua kamwe. Kisha jaribu 0, hasi 50 (-50), 50.5, 1,000 yenye mkato, na nafasi tupu. Upande wa juu pia una mpaka: tangu 2023 M-Pesa inaruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Mtu akiandika 250,001, je, programu inamwambia kosa lake au inamwacha akizungushwa?

Majina. Majina yetu yana ritifaa: Achieng', Ng'ang'a, Nyang'au. Alama hiyo hiyo hutumika kufungia maneno kwenye lugha ya hifadhidata, SQL, kwa hiyo mfumo ulioandikwa kizembe unafikiri jina limeishia katikati na unaanguka. Mbaya zaidi, mlango huo huo ndio wadukuzi hupitishia amri zao. Ukiona Ng'ang'a hawezi kusajiliwa, usiiandike kama kero ya jina. Itaje kama suala la usalama pia.

Ritifaa ina vituko vingine. Kuna iliyonyooka na kuna iliyopinda, ile ambayo kibodi au programu ya kuandikia huiweka yenyewe. SMS moja hubeba herufi 160 ikiwa zote zimo kwenye alfabeti ya kawaida ya GSM. Ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo, na ikiingia hata moja tu, uwezo wa SMS unashuka hadi herufi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Basi uthibitisho wa herufi 140 uliokuwa SMS moja kwa Otieno unakuwa SMS tatu kwa Achieng’, na kampuni inalipia zote. Sisi hatukuiona kwenye skrini yoyote. Tuliiona kwenye bili.

Namba za simu ziandike kama watu wanavyoziandika: 07, 01, +254, 254 bila alama ya kujumlisha, na ile yenye nafasi katikati iliyonakiliwa kutoka kwenye orodha ya majina. Namba za 01 zilianza kutolewa mwaka 2019, na bado nakutana na fomu zinazozikataa. Vitambulisho navyo: wazee wengi wana vya tarakimu 7, vijana 8. Fomu inayodai 8 imemfungia mzee mlango.

Muda. Kenya iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC, ambayo seva nyingi, yaani kompyuta zinazohifadhi data ya programu, huitumia. Mwanachama akilipa tarehe 1 Juni saa 01:30, yaani saa saba na nusu usiku, seva isiyogeuza muda itaandika 31 Mei saa 22:30. Kwenye chama chetu hiyo ni faini iliyoponyoka: aliyechelewa amehesabiwa amewahi. Kwa hiyo nusu ya majaribio yangu ya tarehe nayafanya kati ya usiku wa manane na saa tisa, au nabadilisha saa ya seva ya majaribio nilale kama watu wengine.

Malipo yana njia nyingi za kushindwa, na kila moja ina namba yake kwenye majibu ya M-Pesa: 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi, 1037 ni simu haikupatikana, 2001 ni PIN si sahihi. Zifanye zote kwa makusudi. Ghairi. Kosea PIN. Zima simu. Programu inayosema "Hitilafu imetokea" kwa zote nne haijamsaidia mtu.

Na mwisho, usumbufu wa kawaida wa maisha: mwombe mwenzako akupigie katikati ya malipo, geuza simu ilale, bonyeza kitufe cha kurudi nyuma, acha betri iishe, toka nje hadi mahali mtandao unapodhoofika. Kwenye kompyuta, zana za msanidi za Chrome zinakuruhusu kuiga intaneti ya polepole au isiyokuwepo kabisa. Lakini matatu ni bora.

Hatua ya 4: Irudie, kisha ipunguze

Umeiona hitilafu. Usiandike bado. Jaribu kuirudia.

Ile ya Kondele ilinichukua muda. Nilikuwa nimelipa, nikaingiza PIN, programu ikaniambia "Malipo yameshindikana, jaribu tena." Nikajaribu tena. Jioni nikakuta nimekatwa mara mbili. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa simu ya zamani. Nikabadilisha simu, bado sikuipata. Dhana ya pili, laini. Nikabadilisha laini, sikuipata. Kanuni ni kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, vingine vyote vibaki vilivyo, la sivyo hujui ni kipi kilichofanya kazi.

Siku ya tatu nikakumbuka jambo ambalo kila mwenye kabambe, simu ndogo ya vibonye, analijua: ujumbe wa kuingiza PIN hauhitaji bando. Unapita kwenye laini yenyewe. Basi inawezekana data ikatoweka, PIN ikaingia, pesa ikaenda, na programu isijue lolote. Nikakaa mezani, nikabofya Lipa, ujumbe wa PIN ulipochomoza nikazima data, nikaingiza PIN, nikasubiri. Baada ya sekunde 30: "Malipo yameshindikana, jaribu tena." Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara tano kwa tano.

Ukishaipata, ondoa hatua zisizohitajika. Je, lazima uwe mweka hazina? Lazima kiasi kiwe 50? Lazima simu iwe ya zamani? Kila unachokiondoa na hitilafu ikabaki, umempunguzia msanidi pa kutafuta. Ikiwa inatokea mara mbili tu kwa majaribio kumi, andika hivyo hivyo, 2 kwa 10. Hitilafu ya mara chache ni hitilafu kamili. Inahitaji tu ushahidi mzito zaidi.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi

Picha ya skrini kwa kosa la maandishi au mpangilio. Video fupi kwa kitu kinachohitaji mwendo. Kwenye tovuti, bonyeza F12, fungua kichupo cha Network na uangalie ombi lililoshindwa: namba 500 inaelekeza kwenye seva, 404 inasema kilichoombwa hakipo, 401 au 403 ni masuala ya ruhusa. Kwenye Android, kuna amri ya adb logcat inayotoa kumbukumbu za simu. Usimwage mistari elfu kumi; kata dakika inayohusika.

Kuhusu dakika hiyo. Andika muda kwa mtindo wa saa 24. Niliwahi kuandika "ilitokea saa mbili," nikimaanisha saa mbili asubuhi kama mtu yeyote wa kawaida. Msanidi akaenda kuchimba kumbukumbu za seva za 02:00, akakuta kimya, akafunga tiketi, yaani rekodi ya hitilafu hiyo. Sasa naandika 08:14, na saa za Kenya, nikiwa najua seva itasema 05:14.

Kabla ya kuambatisha picha, ficha namba za simu, majina na salio la watu halisi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiachi kutumika kwa sababu ulikuwa unajaribu programu.

Hatua ya 6: Andika ripoti

Kazini wengi husema bagi, yaani mdudu, na neno hilo lilikuwepo kwa mafundi tangu karne ya 19. Lakini ukurasa maarufu ni wa tarehe 9 Septemba 1947, wa kompyuta ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Mafundi walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine. Wakaandika saa, 1545, wakaandika mahali, relei (swichi ya umeme) namba 70 kwenye paneli F, wakambandika nondo mwenyewe kwa utepe kando ya maandishi. Watu husimulia kisa hicho kwa ajili ya kichekesho. Mimi huwaonyesha wanaoanza ule mpangilio: lini, wapi, na ushahidi umebandikwa. Maneno yenyewe ni machache.

Hii ndiyo ripoti iliyochukua nafasi ya yale maneno yangu matatu:

Kichwa: Data ikikatika baada ya kubofya Lipa, programu inasema malipo yameshindikana ilhali pesa imekatwa

Toleo: 2.4.0, mazingira ya majaribio
Kifaa: Android 9 na Android 13, matokeo yaleyale
Akaunti: mwanachama wa majaribio namba 3
Inatokea: mara 5 kwa 5

Hatua:
1. Washa data, ingia, fungua Mchango.
2. Andika 50, bofya Lipa.
3. Ujumbe wa PIN ukichomoza, zima data.
4. Ingiza PIN sahihi. Subiri sekunde 30.

Kilichotarajiwa: programu iseme inasubiri uthibitisho, na isimruhusu mwanachama kulipia tena mchango huohuo.
Kilichotokea: "Malipo yameshindikana, jaribu tena." Kitufe cha Lipa kiko wazi. SMS ya M-Pesa inaonyesha pesa imetoka. Ukilipa tena, michango miwili inaandikwa.
Muda: 08:14, saa za Kenya
Kiambatisho: video ya sekunde 50, namba za M-Pesa zimefichwa

Kichwa ndicho kinachosomwa na watu wote, kwa hiyo kibebe sharti na tokeo: nikifanya hiki, kinatokea hiki. "Tatizo la malipo" hakisemi kitu, na baada ya mwezi utakuwa na tiketi tisa zenye jina hilo.

Tiketi moja, hitilafu moja. Ukiunganisha mbili, moja itatengenezwa, tiketi itafungwa, ya pili itazikwa hai. Ukiwa na dhana ya chanzo, iandike chini kabisa na uiite dhana. Na usimtaje mtu. "Otieno ameharibu ukurasa wa malipo" itakupatia ugomvi, "ukurasa wa malipo, tangu toleo 2.4.0" itakupatia marekebisho.

Kipimo changu ni kumpa ripoti mtu asiyeujua mradi, hata kama ni mlinzi au binamu aliyekuja kutembea, afuate hatua bila kuniuliza swali. Akiuliza, sentensi hiyo naiandika upya.

Hatua ya 7: Tofautisha uzito na haraka

Uzito ni madhara ya hitilafu yenyewe; haraka ni lini itengenezwe. Wewe unapendekeza uzito, na haraka mara nyingi ni uamuzi wa mwenye bidhaa. Malipo mara mbili ni nzito na ya haraka, hakuna ubishi. Lakini kuandika "Kisumo" kwenye ukurasa wa mbele siku moja kabla ya uzinduzi mjini Kisumu ni jambo jepesi ambalo lazima lishughulikiwe usiku huohuo. Na programu inayoanguka kwenye simu aina moja isiyotumiwa na mteja yeyote ni nzito inayoweza kusubiri. Ukiweka kila kitu "juu sana", baada ya wiki mbili hakuna atakayeisoma alama hiyo.

Hatua ya 8: Ifuate

WhatsApp si mahali pa kufuatilia hitilafu. Ripoti inayoingia kati ya salamu za asubuhi na tangazo la harambee imepotea. Tumia mfumo wa kufuatilia kama Jira, GitHub, Bugzilla, au hata jedwali la kawaida lenye safu za namba, kichwa, uzito, mhusika, hali na tarehe. Kabla ya kufungua tiketi mpya, tafuta kama ipo. Ukiikuta, ongeza ushahidi wako humo.

Hali za tiketi hutofautiana kazini hadi kazini, ila mzunguko ni uleule: mpya, imepokelewa, inatengenezwa, imetengenezwa, imehakikiwa, imefungwa. Jambo moja nalishikilia hata wakinichukia: aliyetengeneza asifunge. Anaweka "imetengenezwa", mjaribu anahakiki kwenye toleo jipya, ndipo inafungwa. Tiketi ikirudi na "haijirudii", usikasirike. Fuata hatua zako mwenyewe kwa simu nyingine; mara nyingi utakuta kuna sharti ulilolifanya bila kujua na hukuliandika.

Ukitaka kujua hitilafu iliingia lini, usipitie matoleo moja moja. Kati ya matoleo 16, jaribu la katikati; ikiwa hitilafu haimo, rukia nusu ya mbele, ikiwa imo, rudi nusu ya nyuma. Kwa majaribio manne umelipata toleo lenyewe, na msanidi anajua ni mabadiliko yapi ayakague.

Unapohakiki, usirudie hatua zilezile tu ukaondoka. Zunguka jirani yake. Toleo 2.4.1 lilipokuja, nilizima data kama kawaida, na programu ikasema kwa upole, "Tunasubiri uthibitisho," kitufe cha Lipa kimefichwa. Nikakaribia kuifunga. Kisha nikafanya kile ambacho mtu mwenye wasiwasi na pesa zake angekifanya: nikaifunga programu kabisa, nikaifungua upya. Kitufe cha Lipa kilikuwa kimerudi. Nikaifungua tena tiketi ileile, kwa namba ileile, nikaongeza hatua ya tano na video nyingine.

Toleo 2.4.2 nililijaribu Dunga, ufukweni, simu zote mbili, data imezimwa, programu imefungwa na kufunguliwa, hadi M-Pesa ikaleta uthibitisho na salio likaongezeka mara moja tu. Tiketi ikafungwa siku ya 12 tangu ile safari ya Kondele. Hatua zake tano zimo sasa kwenye orodha ninayoirudia kabla ya kila toleo jipya kutoka, na kando yake nimeandika: zima data, si simu.